Konje ya Kwenda Kuona Nyama

Elisabethville, tarehe 11 mwezi wa 3, 1956

Yaya wangu, dada yangu mukubwa Olipa,

Ninapiga magoti mbele ya karatasi hii, ninakupigia makofi ya heshima. Uko muzima? Shemeji Fanwell na nyavu zake beko namna gani? Chileshe bado anakimbia masomo? Na Rosaria, jino limeota ao anacheka na pengo vile vile? Mimi niko muzima, nimenenepa mupaka kaptula ya kazi inanibana. Mvua ya huku inapiga, nyumba inavuja juu ya kitanda, lakini mutu mwenye kazi halalamiki.

Ninakuandikia Kiswahili chetu cha Kasenga, kile tulichokulia pale baba alikuwa anapima samaki za Bagriki, juu ya najua barua zako zinasomwa na kila mutu mwenye macho. Ba kwa mama-mukwe banasoma Kibemba tu. Bahangaike!

Sasa neno lenyewe. Mushe Dekoni, bwana wa parke ya nyama za pori ninayotumika, amenipandisha. Siko tena wa kufagia mavi ya twiga, niko mulishaji. Tena amesema, mwezi wa nane masomo yakifungwa, ninaweza kuleta ndugu zangu baingie bure, siku za kazi, pale bazungu habako bengi. Basi konje yenu, yale mapumziko yenu, nimekwisha kuipanga. Mutavuka ziwa Mweru na bwato mupaka ku Kilwa ya ng'ambo. Pale mutapanda kamyo ya samaki ya Rodwell, ule dereva wetu. Fanwell amupe samaki kavu, hatasema kitu. Ku Kasenga mutalala kwa mama mudogo, na nyuma ya duka moja pale kuna Mugriki anafuga sokwe na kasuku, batoto baanzie kwake. Halafu kwangu, parke, simba, chui, twiga, bote bashangae mupaka shingo ziume. Kwa kurudi mupite Pweto na Chienge, juu ya mwezi ule tembo zinashuka mu matope ya Mweru Wantipa, na mutu anaziona kutoka ku kilima bila kuomba ruhusa kwa mutu.

Fanwell akikataa, umwambie mimi ndiye yama wa batoto bale, ndugu wa mama yao, na yama akiita, batoto banaenda.

Mudogo wako,
Davison

Kabuta, tarehe 8 mwezi wa 4, 1956

Mudogo wangu Davison,

Kumbe unajua kuandika! Mwaka muzima kimya, halafu barua inaingia na simba na chui ndani. Makofi yako nimeyapokea. Fanwell anaumwa magoti juu ya baridi ya ziwa, lakini samaki ziko. Mama-mukwe Matildah amehamia kwetu tangu Noeli. Anaonja chumvi yangu mbele ya bageni, anatikisa kichwa, anasema, «Kwetu tulikula chakula.» Uniombee, nisije kumumwangia ule mutuzi.

Fanwell hakukataa. Alicheka, akasema yama ni yama, akaanza kukausha samaki za Rodwell kando. Chileshe amerudi ku masomo na mbio, juu ya nilimwambia mutoto mujinga haingii parke.

Rosaria ndiye ametuua. Kijiji kizima kinajua anaenda kuona twiga. Anasimamisha mutu mwenye kubeba samaki ku baiskeli, anamwambia. Anataka umujibu: twiga inalala namna gani na shingo ile? Simba ikipewa bukari, ugali wetu, inakula? Fanwell amemukunjia bangili ya waya ya shaba, na mafundo mawili, fundo lile lake la nyavu ambalo hakuna mutu mwengine hapa anajua kulifunga. Banaambizana ati ni ya kuvaa mbele ya bazungu baone naye ni mutoto wa batu. Anailala nayo.

Andika upesi. Sitaki kufika huko, kumbe konje ilikuwa maneno ya pombe.

Dada yako,
Olipa

Elisabethville, siku ya Mungu, tarehe 20 mwezi wa 5, 1956

Yaya,

Makofi mengi, na kwa shemeji, na hata kwa ule mama wa chumvi. Pombe gani! Mimi nimeacha, ninakunywa siku ya posho tu. Mwambie Rosaria twiga inalala kusimama, mara moja moja inakaa chini na kukunja shingo ku mugongo. Simba nimeitupia bukari juu ya swali lake, ikanusa, ikanitazama mufano wa mama-mukwe wako.

Na sasa habari kubwa, kaa chini! Siku ya ine, Mugriki mumoja wa samaki alileta hapa na kamyo mamba ya kwetu. Ya Mweru! Ya Kabuta kabisa! Urefu unapita bwato ya Fanwell. Balikuwa bamefunga mudomo na kamba za nyavu, na bado pale tulipoishusha ilipiga mukia, ikavunja muguu wa mwenzetu mumoja, mufupa ukatoka inje mweupe. Bazungu banakuja na batoto babo, banapiga picha. Mushe Dekoni akaniuliza, «Davison, weye mutu wa kule, unaweza kuilisha?» Nikajibu, «Mushe, mimi ni wa ukoo wa mamba, huyu ni ndugu yangu!» Bakacheka mupaka machozi.

Nimeiita Muzee. Kila asubuhi ninaiambia, «Muzee, ba kwetu banakusalimia.» Ninaipa mbuzi, inakunja macho, inameza. Yaya, siku mukifika, Rosaria ndiye atarusha nyama ya kwanza. Nimekwisha kuomba ruhusa kwa Mushe. Ile ni nafasi yake, asipewe mutu mwengine.

Davison

Kabuta, tarehe 17 mwezi wa 6, 1956

Davison,

Barua yako ilifika. Chileshe aliisoma kwa sauti mupaka pale pa kurusha nyama, akaikunja, akatoka inje.

Fanwell ni muzima. Chileshe ni muzima. Matildah ni muzima, Mungu ananiona. Rosaria hayuko.

Ilikuwa tarehe sita ya mwezi wa tano, tumetoka kanisani, tukashuka pa bandari kufua. Maji yalikuwa yanamufika ku magoti tu. Alikuwa anasugua ile bangili na muchanga, anaongea, unajua alivyokuwa anaongea. Mamba sikuiona. Niliona maji yanavimba, halafu mutoto amelala, halafu mukono. Niliushika ule mukono. Niliushika, Davison! Nilikaza miguu mu matope nikavuta mufano wa kuvuta wavu. Ikajizungusha mara moja tu. Nikaanguka na kukaa chini, mikono mitupu, na ngozi yake ndani ya kucha zangu. Damu ilifika mupaka pa mitumbwi.

Juma lililofuata batu ba ule Mugriki bakategesha mbuzi pa mudomo wa kijito, mbali kidogo na bandari, bakakamata mamba kubwa. Banaume betu bakaenda na mashoka kuipasua. Mugriki akapiga bunduki juu, akasema ni mali yake, ameiuza tayari. Bakaipakia hai. Basi mutoto wangu alipanda kamyo mbele yetu. Amefika ku parke, na mujomba wake anamupa mbuzi.

Matanga hayajafungwa. Tutazika nini? Bado nimefunga kamba ya kilio ku kichwa, siogi, siingii nyumba ya bwana wangu. Na hii siyo mbaya kupita yote. Matildah amesimama mbele ya bakulu, akasema mimi ni wa ukoo wa mamba, basi mamba ni yangu, niliituma, nimekula mutoto wangu kwa kutafuta nguvu. Amesema hivi: mamba ya Mungu inakula, na shanga na bangili zinabaki mu tumbo. Mamba ya kutumwa inapelekea mwenye kuituma mutu muzima na vitu vyake, tumbo linabaki tupu. Bote bakaitika. Fanwell alikuwa pale. Alitazama miguu yake.

Kwa hiyo konje yetu iko palepale, usibadilishe kitu. Niambie: shimo la ile mamba ni refu namna gani? Ukuta unamufika mutu wapi? Balinzi banakula saa ngapi? Mutu akiingia na shoka mu kikapu, chini ya samaki, banafungua?

Olipa

Elisabethville, tarehe 1 mwezi wa 7, 1956

Yaya wangu, mama yangu,

Sina salamu. Nimelia mupaka benzangu bakanifungia mulango nisijiumize. Mikono hii, yaya! Nimeipa mbuzi, nimeifagilia, nimeipa jina la heshima. 

Lakini usikuje. Ninakukataza, hata kama mimi ni mudogo. Ukuta unapita mutu, na ile nyama inakata mbuzi mara mbili. Utakufa mbele ya batoto ba bazungu benye kushika biskuti. Na kama haukufa, polisi batakufunga mu inchi si yako. Mushe Dekoni alilipa feza nyingi sana juu yake. Nikiigusa mimi, ni kiboko, ni kifungo cha buloko, kazi imekwisha, na ile feza ninayowatumia pia.

Tena mimi nitaipasuaje? Unajua vizuri: mutu wa ukoo wa mamba hagusi maiti ya msiba wake mwenyewe. Kazi ya matanga ni ya munungwe, mutu wa ukoo wa samaki, ule wa kututania na kututukana. Nikifanya mimi, watasema tena ni uchawi.

Nyama za kufungwa hazikai siku nyingi, zinakufa. Siku itakapokufa nitatafuta munungwe aipasue. Ngojea, yaya. Ninakuomba.

Davison

Kabuta, tarehe 15 mwezi wa 7, 1956

Davison,

Mwenye kuandika ni Chileshe, mimi ninasema. Mukono wangu wa kuume umevunjika.

Ningojee? Ungojee weye, mwenye ukuta! Siku ya tano Matildah na ndugu za Fanwell balinitoa mu kibanda cha kilio, bakanipiga na kasia. Pigo la kwanza nilikinga na mukono, nikasikia umekatika mufano wa kuni kavu. Balinipiga mugongo, bakapiga mudomo, jino mbili nilimeza. Eness, jirani yangu, ndiye alipiga makelele mupaka bakaacha. Halafu bakachoma kibanda. Fanwell alikuwa ku ziwa. Aliporudi alizima moto, akanifunga mukono na vijiti, hakusema neno na mama yake. Chileshe amesimamisha kalamu, ninamwambia aandike vile. Hakusema neno.

Bakulu bamekata hivi: mwezi wa nane ukiisha bila kitu kutoka mu tumbo la mamba, natolewa mu kijiji. Unajua maana ya kutolewa. Mama mumoja upande wa Chienge walimutoa mwaka jana na bwato, bwato ikarudi bila yeye.

Mimi siwezi tena kuja kuona parke yako. Mukono hauwezi kushika shoka. Umebaki weye. Ulisema yama akiita, batoto banaenda. Sasa mutoto ndiye anaita.

Olipa

Elisabethville, mu buloko, tarehe 12 mwezi wa 8, 1956

Yaya,

Barua hii anaileta Rodwell, na kitu kingine amekifunga mu kitambaa. Usishangae maandiko. Ni mukono wa kushoto. Wa kuume umebaki na vidole viwili.

Nilimutafuta Nsama, ule munungwe wetu wa Mofwe anayechoma matofali hapa. Ukoo wa samaki kabisa. Nilimwambia shauri, akanitazama, akaanza palepale kunitukana vile desturi inataka: «Ninyi batu ba mamba, mumekula samaki zetu tangu zamani, sasa munakulana benyewe! Mbwa ninyi! Nitaipasua, na weye nitakupasua juu ya mudomo wako mubaya.» Nililia, yaya, juu ya kusikia matanga yameanza.

Tuliingia muchana, pale bazungu banalala bakiisha kula. Nilitoa maji ya shimo mupaka yakabaki matope. Nikatupa mbuzi na kamba ndani. Ilipouma, Nsama akavuta kamba, mimi nikaruka na shoka. Pigo la kwanza liliteleza ku mugongo, mufano wa kupiga jiwe. La pili liliingia nyuma ya jicho. Ikaacha mbuzi, ikageuka, ikanikamata mukono. Nilisikia mifupa yangu inalia. Nilikuwa ninaita jina la Rosaria, sijui kwa nini, nilikuwa ninaipigia jina lile! Nsama alishuka juu yake na miguu miwili, akachoma kisu pa koo, akachoma, akachoma, anatukana ukoo wetu wote mupaka mababu. Damu yangu na yake ilikuwa matope moja. Ikafa inanitazama.

Mimi sikugusa tumbo. Nilikaa juu ya ukuta, mukono umefungwa na shati, nikatazama tu. Nsama alipasua. Mulikuwa mawe, kwato, shingo ya chupa, na bangili ya shaba, nyeusi, imebonyea. Alipiga kigelegele mufano wa mwanamuke. Rodwell alikuwa inje na kamyo vile tulipatana, akaichukua mbele polisi hawajafika.

Nilipigwa kiboko mbele ya bafungwa bote. Nsama alitoroka. Mimi ni mwezi mumoja hapa, halafu batanitupa inje. Mama wa kizungu mumoja aliniita mushenzi mukali kupita nyama yenyewe. Nikamwambia ndiyo, mama.

Bangili sikuitazama vizuri, machozi yalikuwa mengi. Ifike mbele mwezi haujaisha. Hicho tu ninaomba.

Davison

Kabuta, tarehe 2 mwezi wa 9, 1956

Mudogo wangu,

Ninauosha ule mukono wako na machozi yangu kutoka hapa. Chileshe anakusalimia. Mukono wangu umeunga, umepinda kidogo, sasa ninaandika mwenyewe.

Ilifika ikibaki siku chache. Bakulu bakaitisha batu bote. Matildah alikuja na ndugu za Fanwell, na kasia zao mukononi. Mukulu mumoja akafungua kitambaa, akasema, «Mwenye kuikunja ni baba yake, baba aseme.»

Fanwell akaishika. Akaigeuza, akapitisha kidole polepole pande zote, vile anavyotafuta tundu ku wavu. Ilikuwa laini, Davison. Laini pande zote. Nilikuwa karibu, niliona. Halafu akainua kichwa, akasema kwa nguvu, «Ni yenyewe. Niliikunja na mikono hii.» Bote bakanigeukia. Nilitazama zile kasia. Nikasema, «Ndiyo.»

Tuliizika na sanda ndogo. Banungwe bakatutukana vizuri, bakacheza juu ya kaburi. Bakanikata kamba ya kilio. Matildah alileta kuku, akaniita mwanangu, akanipakaza mafuta mahali alipovunja. Nilimwacha apakaze.

Sasa batoto banaoga tena pa bandari. Banawake banafua, banaimba, banasema mamba imekufa. Mimi ninashinda pale kila siku na kasia. Usiniulize habari ya mafundo.

Olipa

Elisabethville, tarehe 7 mwezi wa 10, 1956

Yaya Olipa,

Makofi, hata kama sasa yanalia upande mumoja. Nimetoka. Ninabeba matofali mahali Nsama alipokuwa anachoma. Mutu wa vidole viwili anaweza kubeba. Kidonda kimekauka. Ninakula kidogo, lakini ninakula.

Rodwell alipita. Ameniambia habari sikuipenda. Anasema unafukuza batoto mu maji mufano wa kichaa. Anasema ulimupiga Maggie, binti ya Eness, na kasia, ule Eness aliyekuokoa, na mutoto alikuwa anateka maji tu. Batu banasema kilio kimekuharibu akili. Nilitaka kumupiga Rodwell, halafu nikaenda kutafuta barua zako mu sanduku.

Ile ya mwezi wa ine inasema mafundo mawili. Yaya, mimi nilishikilia kile kitambaa mbele Rodwell hajaondoka. Mukono mumoja tu, lakini nilishikilia. Sikusikia fundo. Nilijiambia ni tumbo la mamba limeyalainisha. Mafundo ya Fanwell! Nimekatwa vidole juu ya mamba gani? Ile iliyomula Rosaria iko wapi?

Na juu ya konje: siwezi tena kuwaingiza parke, jina langu liko ku mulango, nikionekana nipigwe. Lakini Chileshe akitaka kuona twiga, inaonekana vizuri juu ya ukuta kutoka barabarani. Mwaka ujao muje. Lakini unijibu kwanza.

Davison

Kabuta, tarehe 4 mwezi wa 11, 1956

Mudogo wangu mupenzi,

Kwetu mvua imeanza. Chileshe amepita masomo, wa tatu katika bote. Magoti ya Fanwell ni mabaya, lakini anasimama. Sasa ninakujibu, Chileshe ndiye anaandika tena.

Haikuwa yake. Fanwell alijua pale kidole chake kilipozunguka mara ya kwanza. Mimi nilijua pale uso wake ulipobadilika. Tungesema hapana, bangeniua siku ile. Tulisema ndiyo, tukafungulia batoto ba kijiji kizima mulango wa maji. Hatukuongea neno hili hata siku moja, yeye na mimi. Mimi nilichukua kasia nikaenda bandarini. Nilipiga, ndiyo. Maggie nilimupiga mara tatu, juu ya ananiita kichaa halafu anaingia tena mu maji. Kisha siku moja Fanwell alishuka na mukuki wa samaki, akakaa karibu yangu. Nyavu akamwachia ndugu yake. Batu bakasema kichaa kimemupata bwana naye.

Tarehe 28 ya mwezi uliopita, mvua ilikuwa inanyesha, hakuna mutu ziwani. Nilisimama kukamua kitambaa cha kichwa. Maggie akapita nyuma yangu na mutungi, akaingia mupaka ku mapaja. Nikafungua kinywa. Maji yakavimba vile vile, Davison, vile vile! Ilimukamata muguu.

Sikumbuki nilivyofika. Najua nilimushika chini ya mikono yote miwili, si mukono mumoja. Nilimukumbatia, nikamuambia, «Nivunjike, sikuachi.» Ikatuvuta sisi bawili. Nilimeza maji na damu. Ule mukono wangu uliounga ukakatika tena pale pale, na sikuachia. Fanwell aliingia na magoti yake mabaya, akachoma mukuki mu mudomo wake mupaka mukono wake wote ukaingia ndani ya meno. Ikamukata bega, nyama ikaninginia. Akasukuma, akasukuma. Nilimuona anacheka, ao analia, meno yote inje. Banaume bakaja mbio na mashoka, bakapiga mupaka kichwa kikawa uji, na hata pale kilipokuwa uji bakaendelea kupiga. Sikubakataza. Nilitaka bapige mupaka jioni.

Maggie ni muzima. Muguu umebaki mufupa na ngozi mahali, atachechemea, lakini ni muzima, anapiga kelele akitaka sukari. Eness alinishika miguu. Nilimwambia aamuke, kuna matope.

Munungwe akapasua tumbo pale muchangani, matusi yake yote mudomoni. Halafu matusi yakakwisha. Akainua bangili. Fanwell hakuhitaji kupitisha kidole. Mafundo yote mawili yalikuwa yamekaza, vile aliyafunga.

Batu bote balikuwa pale. Matildah akaja mbele, na kasia mukononi, juu ya ni kasia aliyoshika kupiga mamba. Akatazama bangili. Akatazama kule juu, ku kaburi. Akasema, «Basi tulizika nani?»

 Fanwell alikuwa amelala muchangani, banamufunga bega. Akainuka ku kiwiko, akasema, «Tulizika mutoto wa mwengine. Mimi nilijua. Nilidanganya bote, juu ya mulikuwa munataka kuniulia bibi yangu. Mama, weye ndiye ulikuwa mbele.» Ni mara ya kwanza nimemusikia anamujibu mama yake.

Nilikuwa na kasirani, Davison, hata leo siwezi kukudanganya. Mukono wangu muzima ulikuwa umekwisha kushika shoka la mutu. Nilisema ndani yangu, aseme neno moja tu. Aseme uchawi, mara moja, nimupasue mufano wa ile nyama, na banifunge.

Hakusema. Alitupa kasia. Akapanda mupaka ku kaburi, muzee yule, peke yake, akaanguka pale juu ya udongo, akaanza kulia upya, matanga kutoka mwanzo, na mikono ku kichwa. Lakini hakuwa na jina la kulilia. Alikuwa anapiga udongo na kuuliza, «Weye ni wa nani? Mama yako ni nani? Anakungojea wapi?» Alilia mupaka sauti ikakauka, na bado anauliza.

Niliacha shoka. Nikapanda na ule mukono uliovunjika, nikakaa karibu yake, nikamusaidia kuuliza.

Olipa